Kabla Maji Hayajachemka

Zamani, ukiiwasha kompyuta yangu, ulikuwa unabandika maji ya chai, yanachemka, unachuja, unamimina vikombe viwili, unaketi, unapuliza, na kile kiduara cheupe bado kinazunguka katikati ya kioo kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Sikuwa na haraka nacho. Wala aliyeketi mbele yangu hakuwa na haraka, maana kwangu hawaji watu wa harusi.

Mimi ni Tekla, ingawa hapa Kilolo jina hilo wamebaki nalo watu wa benki tu. Kwa wengine wote mimi ni Mama Goodness. Nilipiga chapa maofisini hadi nikastaafu, nikarudi na vidole vilivyozoea kazi kwenye nyumba isiyo na mtu. Basi mtu akifiwa, ananijia. Kwetu maiti haiteremshwi kaburini kabla historia yake haijasomwa: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alifunga ndoa na nani, aliugua nini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Na historia haisomwi kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Lazima ipigwe chapa, iwe na picha juu, na chini iandikwe kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mpigaji ni mimi. Mwenye shida ya chumvi anabisha hodi kwa jirani mwingine. Kwangu akionekana mtu anateremka na njia, wanaomwona wanaanza kuulizana ni nani amekufa.

Ni heshima ya namna yake, sikatai. Ila ni upweke vilevile, na ikifika jioni upweke wenye heshima hauna tofauti na ule mwingine.

Mwezi wa sita, baridi imekaza na ukungu umelala hadi kizingitini, alikuja Evarista. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri.

"Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa, mama."

Nikawasha kompyuta, nikabandika maji. Kiduara kikaanza safari zake. Watu wawili hawawezi kukaa kimya wakikodolea macho kiduara, kwa hiyo nikamuuliza, kama nilivyozoea kumuuliza kila mtu, "Hebu niambie, mama alikuwa mtu wa namna gani?"

Evarista alifikiri. "Alikuwa hapandi viazi bila kuvisemesha."

"Anavisemesha nini?"

"Anavipa majina yetu. Huyu Evarista, huyu Rabson, huyu Esta. Shimo kwa shimo. Halafu siku ya kuvuna anatutangazia nani kazaa vizuri." Akacheka, kicheko kikamgeukia kikawa kilio, kisha akacheka tena akiwa na machozi yake usoni. "Mimi miaka yote nilikuwa nazaa vidogovidogo."

Tulikunywa chai tukimcheka mama wa watu kwa upendo. Kioo kilipofunguka nilikuwa tayari najua sentensi ipi itamzika.

Hapo lazima nieleze namna yangu ya kufanya kazi. Sikuwa naanza na ukurasa mtupu. Historia ya kwanza niliyoiandika maishani ilikuwa ya mume wangu, Sosthenes, ambaye kaburi lake liko pale nyuma ya jiko, penye mti wa mpea. Faili lake likawa kalibu ya mengine yote. Nilikuwa namfungua yeye, nalihifadhi faili kwa jina la marehemu mpya, kisha namfuta mume wangu mstari kwa mstari na kumwandika mwenzake. Kuzaliwa kunafutika. Ubatizo unafutika. Sentensi moja tu ndiyo iliyokuwa ngumu, nami niliiacha hadi mwisho kila mara, kwa sababu kidole kilikuwa kizito: *Aliamka kabla ya jogoo, akawasha moto, ili wa nyumbani mwake wasikanyage baridi.* Hiyo haikuwa sifa ya kupambia karatasi. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuamka nikakuta jiko limepoa.

Siku ile ya Evarista nilifika katikati, nikiwa nimeshafuta ubatizo wa Sosthenes na kuandika wa mama yake, kioo kikaganda. Nikabonyeza huku na huku. Nikaizima, nikaiwasha. Kiduara, kiduara, kisha giza totoro. Mchana ulipopita nikachukua kalamu, nikaandika historia ya mwanamke yule kwa mkono, kwa mwandiko wangu bora wa shuleni, na makaburini ikasomwa hivyohivyo. Viazi vyenye majina viliwatoa watu machozi. Lakini njiani, wakati wa kurudi, nilisikia minong'ono nyuma yangu: kompyuta ya Mama Goodness imekufa.

Habari hiyo ilifika Mbeya kabla sijavua viatu.

"Mama," alisema Goodness kwenye simu, "nasikia imekufa."

"Imezimia. Kuzimia si kufa."

"Mama, uliahidi."

Ni kweli, niliahidi. Goodness ndiye mtoto wangu wa pekee, nesi katika hospitali moja huko Mbeya, na tangu baba yake alipoondoka amekuwa akinibembeleza nikaishi naye. Nilikuwa nimechoka kutafuta visingizio, siku moja nikasema: kompyuta hii ikifa, nafunga mizigo nakuja. Nilisema kwa wepesi, kama mtu anayeahidi kulipa Yesu akirudi. Mbeya naijua, nilishakaa kwake mwezi mzima. Nyumba ina vigae vya kung'aa na televisheni pana kama mlango. Mwanangu anatoka giza halijaondoka, anarudi miguu imemvimba, anakula akiwa nusu usingizini, analala. Mimi nilikuwa naamkia geti, maana hapakuwa na mwingine wa kumwamkia. Kilolo mimi ni mpweke. Mbeya nilikuwa mpweke mwenye televisheni.

"Naipeleka Iringa kwa fundi," nilimwambia. "Akisema imekufa, imekufa."

"Na akisema imepona?"

Nilijifanya sikusikia, mtandao wa huku una sifa zake.

Fundi anaitwa Zubery, kibanda chake kiko nyuma ya soko, mjini Iringa. Babu yake alipanda milima hii na mafurushi ya vitambaa akitokea Kilwa, asirudi tena, na mpaka leo Kiswahili cha ukoo ule kina chumvi ya pwani ambayo baridi yetu haijaimaliza.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba. Mgonjwa wangu huyu."

Aliifungua kompyuta mgongoni kwa bisibisi ndogo, akainama, akaichokoa, akaiunganisha na mashine yake, akatikisa kichwa taratibu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikiwa nimekumbatia mkoba kama mtu anayesubiri majibu ya damu.

"Mwili mzima, mama. Kioo kizima, ubao mzima. Iliyochoka ni diski." Akanionyesha kitu chembamba, kifupi kuliko kidole changu. "Hii ni SSD, ila ya zile za mwanzo, ndogo mno, nawe umeijaza hadi imekosa pa kupumulia. Tena imeandikwa na kufutwa, imeandikwa na kufutwa. Vitu hivi vina kikomo cha kufutwa."

"Hata vyenyewe?" nilisema. Hakuelewa, akatabasamu kwa adabu.

"Sasa njia ziko mbili," akaendelea. "Nikuwekee diski mpya, kubwa, nihamishie humo kila kitu kama kilivyo. Itakimbia, hutasadiki kuwa ndiyo hii. Au nivitoe vile vya muhimu tu, nikutilie kwenye flashi, na huyu bibi tumpumzishe. Umri umekwenda, sikufichi. Ukiweka diski leo, kesho huenda pakauma pengine. Hukumu ni yako."

"Nipe muda kidogo."

"Chukua, mama. Hapa hapana foleni."

Nikabaki pale nikitazama watu wa sokoni wakipita na mafungu ya kabichi. Flashi ingetosha. Ningemtia Sosthenes mfukoni, nikapanda basi, nikashuka Mbeya, na mwanangu angefurahi kwa haki kabisa, kwa sababu ahadi ni deni na deni hilo nilijifunga mwenyewe. Lakini niliogopa. Niliogopa zile siku ndefu za vigae, na niliogopa vilevile kurudi Kilolo kwenye mlango usio na hodi hata ya msiba. Nikazipima hofu hizo mbili, ya pili ikawa na unafuu wa kutibika kwa bisibisi.

"Weka diski," nilisema.

"Nihamishe vyote?"

"Vyote. Asibaki mtu."

Alinitazama kidogo. "Inshallah, hatabaki mtu."

Nilipokuwa natia kompyuta kwenye mkoba nikamuuliza, sasa itakuwa inachukua muda gani kuwaka. Zubery akacheka. "Hutawahi hata kuvuta kiti." Nami nikacheka naye, kwa kuwa ilikuwa habari njema.

Nyumbani niliiweka mezani, nikabonyeza, nikageuka kuwasha moto wa chai. Nilipogeuka tena ilikuwa imefunguka. Picha ya Goodness siku ya kipaimara ilikuwa imeshatulia kiooni, ananitazama, nami nina kiberiti mkononi ambacho sijakipiga. Niliizima nikaiwasha tena kwa ajili ya kuona tu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilitaka sana kumwonyesha mtu. Nikatoka hadi nyuma ya jiko, nikasimama penye mpea, nikamweleza Sosthenes kwamba imepona, kisha nikaingia ndani kwa sababu ukungu ulikuwa unashuka.

Aliyefuata kuja alikuwa Isaka, kijana wa ng'ambo ya kilima. Baba yake, mzee Jofrey, alikuwa ameanguka ghafla. Mzee huyo nilimfahamu kwa kumwona tu, mtu mrefu mwenye koti la kijeshi, mlinzi wa kiwanda cha mbao tangu kiwanda kinajengwa.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Isaka. Pole sana. Keti."

Nikabandika maji kwa mazoea. Kompyuta ikawa wazi. Alikuwa na karatasi yenye tarehe zote, kijana wa watu mwenye mpango, ananitajia, nami nachapa. Nikamfungua Sosthenes, nikambadilisha. Kuzaliwa, ubatizo, ndoa, kazi, watoto, wajukuu. Vidole vilikuwa vinaruka. Nakiri nilijiona binti siku ile. Printa ikatema karatasi zenye joto, Isaka akazipokea kwa mikono miwili.

"Mama, mara hii? Nilijua nitashinda hapa."

"Kompyuta imepata moyo mpya," nilimwambia kwa majivuno. "Ngoja chai."

"Ahsante sana, mama, seremala wa jeneza ananisubiri."

Akaondoka. Sufuria ilikuwa bado kimya juu ya moto. Maji yalipochemka nilimimina vikombe viwili, na nilishamaliza kumimina ndipo nikaona nilichofanya. Nikanywa kimoja, cha pili kikapoa.

Kesho yake makaburini mzee wa kanisa alivaa miwani, akaanza kusoma. Ana sauti nzuri mzee yule, inafika hata kwa walioko nje ya uzio. Akasoma kuzaliwa, akasoma ndoa. Akasoma kwamba marehemu alikuwa mlinzi wa kiwanda cha mbao maisha yake yote ya kazi, akilinda usiku, mwaminifu asiyelala lindoni. Kisha akavuta pumzi akasoma: "Aliamka kabla ya jogoo, akawasha moto, ili wa nyumbani mwake wasikanyage baridi."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Jofrey huyuhuyu?" Mwingine akakohoa, kikohozi chenye kicheko ndani. Watu wazima waliinamisha nyuso. Kila mtoto wa ng'ambo ile alikua akichapwa kwa kupiga kelele asubuhi karibu na nyumba ya mlinzi aliyelala. Nilimtazama Isaka. Alikuwa anatazama udongo. Mimi nilitamani lile shimo liwe langu, na si kwa sababu ya kukosea tu. Mume wangu, kitu chake cha mwisho kilichokuwa changu peke yangu, alikuwa amesimama mbele ya kijiji kizima akichekwa kwa jina la mtu mwingine.

Baada ya mazishi Isaka alinifuata. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, akanitangulia.

"Usijali, mama. Ni maneno mazuri." Akafuta tope mikononi. "Ila baba, jogoo akiwika ndipo alikuwa anavua viatu. Sisi watoto ndio tuliokuwa tunamwashia moto. Tunashindana nani atausikia mlango kwanza. Anaingia, koti limelowa umande, ananyoosha mikono kwenye moto, hasemi kitu, anatushika kichwa mmoja mmoja kwa mikono ya moto, halafu analala."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, mama," alijibu, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, peke yangu, nikiyatafuna maneno hayo. Ni kweli sikumuuliza. Na wale wengine nilikuwa nawauliza kwa nini? Nilidhani ni wema wangu, kumbe ulikuwa uzee wa diski. Kile kiduara nilichokilaani miaka nenda miaka rudi ndicho kilichokuwa kinawashika watu kwenye kiti changu. Haraka haraka haina baraka, tulifundishwa hilo tungali wadogo, lakini hakuna aliyetuambia kwamba pole pole ina wageni. Nami nilikuwa nimepanda gari hadi Iringa kwenda kuwafukuza.

Jioni Goodness alipiga.

"Imepona?"

"Imepona mno."

"Kwa hiyo huji."

Hakusema kwa hasira. Nilimsikia akivuta kitu, labda kiti, labda viatu vilivyombana. Nikamwona pale kwenye vigae vyake, na jambo ambalo sikuwahi kulitazama likanijia lenyewe, kwamba mwezi ule nilipokuwa naamkia geti, naye alikuwa anaamka alfajiri ananikuta nimelala.

"Goodness. Ukirudi kazini, nani anakuwashia moto?"

"Mama, mimi nina jiko la gesi."

"Najua."

Kisha akasema, taratibu, "Hakuna, mama."

Nikamwambia nitakwenda baada ya mavuno ya viazi, nikae hadi mvua zianze, na nitakuwa naamka kabla yake. Akasema sawa. Sijui kama aliamini. Lakini hakukata simu upesi kama kawaida yake. Alinieleza kuhusu mgonjwa mmoja anayeimba, na mimi nikamweleza kuhusu mzee Jofrey na mikono yake ya moto.

Tulipoagana nilimfungua Sosthenes. Safari hii sikuhifadhi kwa jina la mtu. Nilimsoma tangu kuzaliwa hadi Bwana alitoa, nikamfunga, nikamwacha apumzike.

Zilipita wiki mbili hivi. Siku moja ya ukungu mzito nilimwona Apolonia akiteremka na njia, kanga mbili begani, anatembea kama aliyebeba ndoo iliyojaa. Mume wake, Crispin, alikuwa amelazwa hospitali ya Tosamaganga, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza ni nani amekufa. Nilibonyeza kompyuta angali uani. Ilipofunguka nikaweka ukurasa mtupu, kisha nikaigeuza mezani, kioo kikaelekea ukutani.

"Pole, mdogo wangu. Karibu, keti."

"Nimeshapoa, dada." Akaketi ukingoni mwa kiti, kama wanavyoketi wote, tayari kusimama. "Nimesikia siku hizi ni dakika tu. Wenzangu wanasubiri."

"Imeanza tena ugonjwa wake," nilisema, nikachukua sufuria. "Inazunguka. Tuipe muda."

Apolonia alitazama meza. Nyuma ya kompyuta, mwanga mweupe ulikuwa umetua ukutani, umetulia tuli, hauzunguki wala hautikisiki, na mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba ukurasa uko wazi unangoja. Aliutazama kitambo. Nami nilikuwa nimeinamia moto, napuliza, nimejifanya moshi umeniingia machoni.

Kisha nikasikia kiti kikikwaruza sakafu. Alikuwa anakisogeza karibu na jiko.

"Crispin," nilimwuliza, "alikuwa anaamka saa ngapi?"

Akalegeza kanga mabegani, akanyoosha viganja vyake kwenye moto.

"Huyo?" alisema. "Huyo, dada, ni habari ndefu."